Shahidi wa Pili wa Mtambo

Mhariri wa herufi M alikataa kutia sahihi. Miaka ishirini na moja katika ofisi ile ya kamusi hakuwahi kugoma, lakini siku hiyo aligoma kweupe, mbele ya Mkuu mwenyewe.

Neno lenyewe lilikuwa "mtambo". Mkuu alikuwa amekata maana mbili kwa wino mwekundu: kifyatulio cha mtego na kifyatulio cha bunduki. Alibakiza moja tu, mashine ya kiwandani.

"Hizo zimekufa," alisema Mkuu. "Na kurasa zinakwenda kuchapwa saa kumi."

"Neno hili limekula chumvi nyingi kabla kiwanda hakijajengwa, Mkuu. Mtego kwanza, bunduki ikafuata, mashine zimekuja juzi. Unamzika mama, unambakiza kitindamimba?"

"Kanuni unaijua. Mashahidi wawili wanaolisema leo, tena bila kufundishwa. Huna, weka sahihi."

"Siweki."

Roho ilimuuma. Alikuwa amechoka kuona maneno ya nyumbani kwao yakifutwa na watu waliokaa kwenye viti vya kuzunguka. Akampigia simu shangazi yake, fundi wa mitego ya panya, akamwambia alete mtego mmoja. Basi.

Shangazi alifika saa kumi kasoro robo akihema kwa ngazi. Akautega mtego juu ya meza ya Mkuu, pale pale juu ya karatasi, wala hakungoja kuulizwa.

"Huu usiuone mdogo, baba. Mtambo wake mkali, haubahatishi."

Mhariri akaandika kadi ya shahidi wa kwanza.

"Mmoja," Mkuu akacheka. "Tena shangazi yako. Na kidude chenyewe hiki kitamkamata nani?" Akakigusa kwa kidole.

Pah!

"Mama yangu wee! Bibi, vuta mtambo! Uvute kwa nyuma, usiuachie, mtambo huo utanirudia!"

Kumbe Mkuu alijua hata unavutwa upande gani. Shangazi aliuvuta taratibu, kidole kikatoka chekundu. Saa ya ukutani ilikuwa kumi kasoro dakika tano.

Mhariri alikwishachukua kadi nyingine.

"Kadi ya shahidi inataka kazi na umri," alisema. "Kazi yako naijua, Mkuu. Una miaka mingapi?"