Mtihani wa Kukataa

Mama anazipenda barua za kunikataa kwa sababu zote zinaanza na shukrani. Anavaa miwani, anasogea dirishani, anasoma kwa sauti: "Tunakushukuru kwa kuonyesha nia ya kujiunga nasi." Kisha ananigeukia, uso umemkunjuka. "Mbona hawa wana adabu?"

"Endelea kusoma, mama."

Anaendelea mpaka kwenye "hata hivyo", na miwani inashuka yenyewe. Kaka yangu ananiita Mheshimiwa tangu utotoni, maana nilikuwa nabishia hata muda wa kulala. Yeye huchungulia kutoka jikoni na kuuliza, "Mahakama imesemaje leo?" Namrushia ndala. Huwa namkosa.

Shahada ya sheria ninayo, na nilifaulu vizuri. Lakini huapishwi kuwa wakili mpaka ofisi ya mawakili ikuchukue kwa mafunzo, ukae chini ya wakili mzoefu, umbebee mafaili na kuijua kazi. Usajili wa mwaka huu ulikuwa unafungwa mwisho wa mwezi. Asiyepata wa kumchukua anasubiri mwaka mwingine, na mimi nilikuwa nimeshausubiri mmoja, tena kwa machozi. Safari hii niliapa sikai nyumbani.

Kukataliwa kwenyewe nilishakuzoea. Kilichonitia hasira ni kukataliwa bila kuambiwa kwa nini. Nikipiga simu kuuliza, nilijibiwa kwamba mhusika yuko kwenye kikao. Nadhani hicho kikao kinaendelea mpaka leo.

Ndipo ofisi moja kubwa ikaniita. Ghorofa yenye kiyoyozi, vioo kila upande, dada wa mapokezi anayeongea kwa kunong'ona utadhani kuna mgonjwa. Wakili Mkuu alikuwa mzee mwembamba, mpole. Aliniwekea faili mezani.

"Hapa hatuulizi maswali ya vitabuni," alisema. "Kila anayeomba tunampa kazi ambayo wanafunzi wetu huanza nayo. Kumkataa mtu."

Akanieleza. Kulikuwa na mama mmoja, mpishi wa kantini ya kiwanda, aliyeungua mkono bomba la mvuke lilipopasuka. Alikidai kiwanda fidia. Kiwanda ni mteja wa ofisi hii, kwa hiyo ofisi ikamwandikia barua ya kukana madai yake. Yule mama alipoona barua yenye muhuri wa mawakili, akadhani sasa amepata mawakili. Akaja nayo, na vyeti vyake vyote vya hospitali, ili wamtetee.

"Yuko mapokezi," alisema Wakili Mkuu. "Mwandikie mistari michache, ya heshima. Sababu hatutoi."

Nikaachwa peke yangu. Nikaandika, "Tunakushukuru kwa," kalamu ikagoma. Nikafungua faili, nikatazama tarehe ya ajali, nikahesabu. Sheria inaweka muda wa kufungua madai ya aina ile, na wa huyu mama ulikuwa unaishia Ijumaa. Ilikuwa Jumatano. Angeipokea ile barua, angeisifia adabu yake, angekwenda kumtafuta mtu wa kumfafanulia, na Jumatatu haki yake ingekuwa imekwisha.

Nikachana nilichoandika, nikaanza upya: "Mama, hatuwezi kukutetea kwa sababu sisi ni mawakili wa kiwanda unachokidai. Hatusemi kwamba madai yako ni ya kweli au si ya kweli. Lakini madai yana muda wake, na wako unakwisha. Tafuta wakili mwingine leo hii, usingoje kesho."

Nilijua nikimpelekea Wakili Mkuu kwanza, itaishia kwenye kapu la takataka. Nikaipeleka mapokezi mwenyewe, nikampa mwenye barua, na nikamsomea.

Niliporudi, mzee alikuwa amesimama mlangoni. Dada wa mapokezi alikuwa ameshanong'ona.

"Umemwambia sisi ni mawakili wa nani."

"Hilo liko kwenye barua mliyomwandikia, mzee. Hakulielewa tu."

"Na habari ya muda?"

"Nimemwambia atafute wakili. Kesi yenyewe sikuigusa."

Alikaa, akavua miwani, akafikicha macho. "Muda ungempita, mteja wetu angepona bila hata kwenda mahakamani. Wewe umemwamsha mpinzani wake, tena ukiwa ndani ya ofisi yangu. Siwezi kukuchukua. Nakuambia sababu kwa kuwa nimeona unazipenda."

"Asante, mzee," nilisema, na sikuwa namkejeli. "Wewe ni wa kwanza."

Kwenye ngazi roho iliniuma kweli. Ile ilikuwa nafasi ya maana, na niliitoa kwa mkono wangu. Nilijiuliza kama ningeweza kuifanya tofauti, nikaona ningeandika vilevile, labda kwa mwandiko mzuri zaidi.

Yule mama alikuwa amesimama chini, kwenye lango la ghorofa, bahasha kwapani, akitazama barabara huku na huku.

"Mwanangu, sasa huyo wakili mwingine anapatikana wapi?"

"Nitakupeleka."

"Si uko kazini?"

"Wamenikataa."

"Wewe pia?" Alinitazama suti, akanitazama viatu. "Hawa watu wamezoea." Tukacheka, na mimi nilikuwa na kiu ya kucheka.

Ofisi ya kwanza tuliambiwa wakili amesafiri. Ya pili walitutaka turudi wiki ijayo. Yule mama alikuwa anachechemea kwa uchovu, na mkono ulioungua ameushikilia kifuani, lakini kila nikimwambia tupumzike alinijibu kwamba Ijumaa haipumziki. Jua lilikuwa linaelekea kushuka tulipopanda ngazi nyembamba juu ya duka la vifaa vya umeme. Mlangoni palibandikwa karatasi: HATUPOKEI WANAFUNZI. Niliisoma vizuri, nikabisha hodi, nikasukuma.

Ndani kulikuwa na wakili mmoja, mwanamke wa makamo, anachapa mwenyewe kwenye kompyuta, mafaili yamejaa mpaka sakafuni. Aliiona suti yangu tu akarudisha macho kwenye kazi yake.

"Dada, hukusoma mlangoni?"

"Nimesoma. Tumekuja wawili," nilisema, nikamvutia mama kiti. "Mimi natafuta nafasi ya mafunzo, yeye anatafuta wakili. Anza na yeye, muda wake unakwisha keshokutwa."

Wakili aliacha kuchapa. Akautazama ule mkono, akazipokea karatasi, akazipitia moja moja. Kisha akanisukumia kalamu na daftari.

"Funga mlango," akasema. "Kaa hapo, uandike anachosema."