Kondoo Asiye na Masikio

Miron aliwaona kabla ya mtu mwingine yeyote. Ilikuwa saa sita mchana, siku ya kukata manyoya ya kondoo wake, na zizini walikuwa majirani thelathini waliokuja kumsaidia, kama desturi ya milima ya Krete inavyotaka. Alikuwa na chupa ya raki, pombe kali ya zabibu, mkononi, anammiminia mzee mmoja. Akainua macho, akaona tumbusi wanazunguka juu ya korongo: mmoja, watatu, sita. Kisha akaacha kuhesabu, maana walikuwa wameanza kushuka.

Alijua wanashukia nini. Kwa majuma matatu mbwa koko walikuwa wakimrarulia wanakondoo, kumi na mmoja wamekwisha, na hasira ya mchungaji haina macho. Jana yake jioni alimchukua kondoo jike aliyekufa akizaa, akamjaza sumu tumboni, akamburuta mpaka ukingo wa korongo, mpakani na malisho ya jirani yake Haridimos, kwa kuwa mbwa walitokea upande ule. Sumu imekatazwa na serikali, naye hakuwa mjinga. Akachomoa kisu akamkata yule kondoo masikio yote mawili. Kila mchungaji wa kule ana alama yake anayowachanjia kondoo wake sikioni, na kondoo asiye na masikio hana mwenyewe.

Hesabu yake ilikuwa nzuri. Mbwa hula gizani. Tumbusi ni mzito, haruki mpaka jua liupashe mwamba na hewa ianze kupanda, saa nne hivi. Alfajiri angeuondoa mzoga na kuufukia, na tumbusi wangeamka wasikute kitu. Siku ya kukata manyoya ilikuwa imepangwa kesho yake tena. Lakini redio ilitangaza mvua, na majirani, kwa wema wao, wakaja siku moja mapema. Kulipopambazuka walikuwa wamejaa uani na mikasi yao, wanacheka, wanamuuliza amelala na nani hata mpaka sasa hajawasha moto wa nyama.

Mwenyeji hatoki zizini mpaka mgeni wa mwisho ameshiba. Ndivyo ilivyo. Lakini tuseme kweli, maana Miron mwenyewe baadaye hakujidanganya: angeweza kutoka. Korongo lilikuwa mwendo wa robo saa. Angesema anakwenda kumtafuta mbuzi aliyepotea, watu wangemtania kidogo na kuendelea na kazi. Aliogopa jambo moja tu, kwamba mtu atasema, "Ngoja, nakusindikiza." Kwa kuogopa sentensi hiyo moja alibaki mahali pake na chupa yake.

Garifalia alikuwa karibu naye, amembana kondoo kwa magoti. Akanyoosha mgongo, akajifuta jasho, akatazama juu.

"Baba, waone wanavyoshuka," alisema. "Natamani wageni wangu wangekuwepo leo."

Miron alisema ndiyo, wengi kweli leo, akaenda kumjazia mtu mwingine glasi.

Garifalia alikuwa binti yake wa ubatizo. Miaka thelathini na mitatu iliyopita Miron alimpokea kutoka majini, mtupu, anateleza kwa mafuta, anapiga kelele kanisa zima. Baba mzazi alipofariki, Miron ndiye aliyempeleka shule, na ndiye aliyemtetea aliporudi kutoka mjini na kusema atafanya kazi ya kuwaonyesha wageni ndege. Kijiji kilicheka mpaka kikakaukiwa na sauti. Nani atapanda ndege kutoka Uholanzi aje kuangalia wala mizoga? Wakaja. Wakaja na darubini zao na kofia zao za ajabu, wakasimama na Garifalia ukingoni mwa korongo wakishangaa kimya kama watu walio kanisani, na wale waliocheka wakaanza kuwapangisha vyumba.

Garifalia ndiye aliyewakuta ndege wamekufa. Siku ya pili asubuhi, akiwa na wageni wanane nyuma yake, aliwakuta tumbusi tisa, wote wa korongo lile, wamelala chini na mabawa wazi. Mbwa alikuwa mmoja tu. Kati ya wale tisa alikuwemo jike mwenye pete mguuni ambaye Garifalia alimfahamu kwa miaka kumi na mmoja, pamoja na dume lake. Tumbusi hutaga yai moja kwa mwaka, na kinda lao lilikuwa bado kwenye mwamba. Liliita siku tatu. Watu wa wanyamapori walipofika na kamba zao, lilikuwa limenyamaza.

Siku hizo tatu Garifalia alikula kwa Miron, kwa sababu hakuweza kupika. Mke wa Miron alimwekea supu, naye akaitazama mpaka ikapoa. "Nataka kujua tu ni nani," alisema. "Sitaki afungwe. Nataka kumtazama." Miron aliinama juu ya mkate wake. Nafsi ilimsuta, akainuka akasema anakwenda kuwaangalia kondoo, ambao walikuwa wazima.

Kijiji hakikuchelewa kumpata mtu. Mzoga ulikuwa mpakani kwa Haridimos. Masikio yalikuwa yamekatwa, na nani hajui kwamba kukata masikio ni kazi ya mwizi wa kondoo, na kwamba Haridimos katika ujana wake aliiba kondoo wa nusu ya mlima huu? Tena mwaka juzi alisema mbele za watu kwamba tumbusi wanamtia kichefuchefu. Polisi walikuja, wakanywa kahawa, wakaondoka. Hapo Garifalia akafanya jambo lililowanyamazisha wazee mkahawani: alidai kiapo.

Kiapo ni cha kondoo. Mtu akishukiwa wizi, huitwa kanisani, akaweka mkono juu ya picha ya Mtakatifu Georgi, akaapa kwamba hakuiba wala hamjui aliyeiba. Akiapa, yamekwisha, na anayeendelea kumsema, aibu ni yake. Lakini kuapa kwa ajili ya ndege? Mzee mmoja akauliza kama wiki ijayo wataapa kwa ajili ya panya. Garifalia hakucheka. Na Haridimos, alipopelekewa habari, alisema atakwenda, na hata kuoga ataoga.

Desturi inamtaka mshukiwa alete mtu wa kuapa pamoja naye, asiye ndugu yake. Kwa hiyo Jumamosi Haridimos alipanda mpaka kibanda cha mawe ambako Miron alikuwa akikoroga maziwa ya jibini. Hawakuwa wamesemezana tangu ugomvi wa kisima, miaka saba.

"Nimekuja kukuomba mdomo wako," Haridimos alisema, bila salamu.

Miron aliendelea kukoroga. Alimwambia atafute mtu mwingine, mlima una watu wengi.

"Wenzangu wote ni wezi kama mimi, nani atawasadiki? Wewe hunipendi, na hakuna aliyewahi kukukamata na uongo. Ukisema wewe, wataamini." Akajikuna shingo. "Au na wewe unaona ni mimi?"

"Hapana."

"Unaamini kabisa siyo mimi?"

"Naamini kabisa."

"Basi shida iko wapi, bwana wewe?"

Miron aligeuza mwiko. Maziwa yalikuwa yameanza kushika chini ya sufuria. Haridimos alisema kwa sauti ya chini, kama mtu anayeona aibu, kwamba mjukuu wake wa kike ameambiwa shuleni kwamba babu yake ni muuaji. Mwizi alizoea kuitwa, hata alikuwa akilionea fahari jina hilo. Hili lingine hapana. Miron akakubali. Alijiambia kwamba ataapa ukweli mtupu: Haridimos hakuweka sumu ile, hakuna aliyelijua hilo vizuri kuliko yeye. Njia nzima ya kuteremka kijijini alikuwa akijifariji hivyo, na faraja haikuingia.

Jumapili, baada ya ibada, watu walibaki. Padri aliishusha picha takatifu akaiweka mezani. Haridimos akaweka mkono, akaapa haraka na kwa sauti kubwa, nywele bado zimelowa maji. Kisha Miron akasogea. Garifalia alikuwa amesimama mbele kabisa, macho kwake, na usoni mwake mlikuwa na utulivu, kwa kuwa neno la baba yake wa ubatizo lilimtosha.

"Sema," Padri alimwambia. "Hakufanya yeye, wala simjui aliyefanya."

"Hakufanya yeye," Miron alisema.

Wakangoja. Mbao za picha zilikuwa baridi chini ya kiganja chake. Padri, akidhani amesahau, akamrudishia maneno kwa upole: wala simjui aliyefanya. Miron alifungua mdomo. Angeweza kuyasema; ulimi ulikuwa tayari. Akamtazama Garifalia, akaona anaitikia kwa kichwa kumsaidia, kama Miron alivyokuwa akimwitikia yeye alipokuwa mdogo akisoma mbele za watu.

"Hilo siwezi," alisema.

"Unamjua?" Padri aliuliza.

Miron aliutoa mkono juu ya picha, akautazama. Kanisa lilianza kunong'ona, na mtu nyuma akataka jina. Garifalia ndiye aliyeelewa kwanza. Rangi ilimtoka usoni taratibu, toka kwenye paji mpaka midomoni. "Msimuulize," aliwaambia watu. "Ameshasema."

Alimwendea Haridimos, akainama, akambusu mkono, akamwomba radhi. Haridimos, aliyekuja amejiandaa kufurahi, hakujua pa kutazama. Kisha Garifalia akaja mpaka mbele ya Miron. Miron alitegemea atapigwa kofi, na angeshukuru.

"Siku ya manyoya," Garifalia alisema. "Nilikuonyesha kwa mkono wangu. Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua, mwanangu."

"Kesho saa nne nina wageni kumi na wawili," Garifalia alisema. "Utakuja. Wakiuliza ndege wako wapi, utawajibu wewe. Mimi nimechoka kuwaambia sijui."

Miron alikwenda. Alivaa shati jeusi safi na viatu virefu vya sherehe, bila kujua kwa nini, akasimama ukingoni kando ya Garifalia huku wageni wakifunga darubini zao juu ya vishikizo vya miguu mitatu. Jua lilipasha mwamba. Saa nne ikapita, na hewa ikapanda bure, bila bawa. Mwishowe mama mmoja mwenye mvi aliuliza jambo kwa lugha yao, kwa adabu, akionyesha mbingu. Garifalia alimgeukia Miron. Hakumwita Baba.

"Anauliza wako wapi."

"Waambie nimewaua mimi," Miron alisema. "Kwa sumu. Waambie niliwaona wanashuka, nikabaki namimina raki."

Garifalia aliwageukia akasema. Miron hakuijua lugha ile hata neno moja. Lakini alizitazama nyuso, moja baada ya nyingine, na kwa jinsi zilivyobadilika, kisha zikabadilika tena, alijua kwamba Garifalia hakumpunguzia kitu katika maneno yake.