Mshona Viti na Spika ya Pikipiki

“Masikio yangu haya,” mshona viti aliwaambia wateja wake, “yanamsikia mchwa akitafuna mlango.” Kisha akaongeza mwenyewe, “Ila mlango ulianguka juzi, nikajua nilipomkuta mbuzi sebuleni.”

Wakacheka mpaka wakashika mbavu, na ndivyo bibi huyo alivyotaka. Neno ukilitoa mwenyewe kwa mzaha, nani atalisadiki? Ukweli ni kwamba masikio yalikuwa yakimpa kisogo. Na mwanawe mkubwa alikwisha kusema: siku Mama asiposikia, karakana inafungwa, anahamia kwake, akaketi kutwa kwenye kochi lililoshonwa na mtu mwingine.

Siku hiyo mtoto wa kaka yake aliingiza pikipiki mpaka kizingitini. Alikuwa amepata kibarua cha kutangaza chanjo mitaani, na spika aliyoifunga nyuma ya kiti ilikuwa ikikoroma tu.

“Jana nimetangaza chanjo, Shangazi, watu wakatoka na ndoo. Walidhani nauza maziwa.”

Shangazi alimtazama midomo mpaka akamaliza. Akafungua boksi la spika, lililoundwa kwa bati, akaweka kiganja juu ya bati hilo, akamwambia atie muziki. Bati likamtekenya. Akaelewa: sauti ya mgongoni mwa spika ilikuwa ikizunguka kwenda kuimeza ya mbele, kama wake wenza wanaosimulia kisa kimoja kwa pamoja. Akakata ubao wenye tundu la kukalia spika, akauziba kingo kwa gundi, mgongo ukae kwake na uso ukae kwake. Pale bati lilipotetemeka zaidi akabandika vipande vya mpira mzito, kisha akatia sponji ya viti, bila kuishindilia. Kila alipobandika, kiganja kilirudi kuuliza. Mwisho bati likatulia kama mtoto aliyeshiba.

Aliuacha mkono pale kidogo. Kumbe kelele nyingi alizopata kuzisikia maishani huenda zilikuwa bati tu. Neno lenyewe lilikuwa dogo.

“Mafundi wengine hutega sikio,” kijana alisema. “Wewe hukuinama hata mara moja.”

“Hao hawajui kazi.”

“Basi nenda pale kona, Shangazi, unisikilizie.”

Akaenda, mikono ndani ya mifuko ya aproni. Kutoka kule, maiki ilimficha kijana midomo. Kina mama waliokuwa bombani wakainua mikono, mmoja baada ya mwingine. Wanamsalimia, alijisemea, naye akaona si adabu kumpungia mtu aliye kazini.

Kijana akaja taratibu, akazima pikipiki mbele yake.

“Umenisikia?”

“Neno kwa neno. Kesho asubuhi, zahanati, mje na kadi za watoto.”

Kijana aliangalia chini, akasugua kioo cha pikipiki kwa kidole. Kisha akainua uso, ili Shangazi amwone midomo vizuri.

“Nimesema anayenisikia ainue mkono, Shangazi.”

Shangazi akautoa wake mfukoni, polepole, akauinua.