Folda ya Wifi

Kabla mashine mpya haijaletwa, kazi ya mpokezi wa duka la miwani ilikuwa nyepesi. Faksi ikitoka anaichana, anaipuliza kama chai ya moto, kisha anaipeleka chumba cha nyuma na kuitundika kwenye msumari wa wifi yake. Wifi huyo, dada wa mumewe, ndiye mkata lenzi, na ndiye aliyemtafutia kazi ile. Walitaniana kutwa nzima, mpaka wateja wageni wakadhani wanagombana.

Hii mashine mpya ya fotokopi haitoi karatasi. Faksi ikiingia, inaimeza na kuirusha kwenye barua pepe, na kila barua inakuja na jina la mashine tu, kama nyumba ambayo watoto wote wanaitwa Mtoto. Basi mpokezi huzifungua moja moja, akazisoma, akaivuta kila moja kwenye folda yake. Folda alizibatiza mwenyewe, kwa majina anayowaitia watu mdomoni: Bosi. Muuza Fremu. Wifi. Vipimo vyote vya macho kutoka kwa madaktari viliingia kwa Wifi, naye wifi akavifungulia huko nyuma.

Asubuhi moja wifi alikuja mbele amevimba.

"Vipimo vya mama viko wapi?"

"Si nimekuwekea jana mchana?"

"Folda nyeupe pe! Sema tu umesahau. Angekuwa mama yako mzazi, ungesahau?"

Neno hilo lilimwingia. Mama mkwe ndiye anayewashonea wajukuu wote sare, na shule zilikuwa zinafunguliwa Jumatatu. Miwani yake ilikaliwa na mjukuu mnene kuliko wote, ikapasuka. Tangu hapo bibi wa watu anaitafuta tundu ya sindano kwa kubahatisha, na mtu akijisogeza kumsaidia anafukuzwa: "Siku nikitungiwa uzi, nichimbieni kaburi kabisa!" Daktari aliyempima naye alishafunga zahanati yake, kaenda likizo.

"Wifi, niangalie," alisema mpokezi. "Mama yako ni mama yangu. Faksi yake niliivuta kwa mkono wangu huu."

Wifi alimtazama usoni, macho yakamshuka mpaka begani. Akafungua mdomo kama mtu mwenye jambo, akaufunga, akarudi zake nyuma.

Mpokezi akatafuta kwa Bosi, akatafuta kwa Muuza Fremu, hakuona kitu. Akampigia simu fundi wa mtandao. Fundi akaja na mkoba wake, mchangamfu kama kawaida yake.

"Folda ya Wifi? Naijua, mama. Juzi nilipowafungia mtandao mpya nikaiona, nikasema, huyu mama mwelevu, ameshanitengea mahali! Nikaelekeza taarifa zangu zote za wifi humo, halafu nikaipanga ijisafishe kila jioni, maana zikijaa zinaudhi."

Mpokezi akashika kiuno. "Wifi gani?"

"Si hii." Fundi akanyoosha kidole darini, kwenye kisanduku chenye vitaa.

"Baba, wifi yangu ni yule kule nyuma anayekata lenzi! Anakula, anasema, na leo amenuna!"

Mashine ya kusagia lenzi ikanyamaza. "Nani kanitaja?"

Fundi aliinama kwenye kompyuta bila kuthubutu kucheka. "Kilichotupwa hakijachomwa," alinong'ona, akafungua pipa la taka. Katikati ya *mtandao umekatika* na *mtandao umerudi*, ikakaa faksi ya mama mkwe na mwandiko wa daktari uliopinda kama mzizi.

Wifi alikuja akachungulia. Akasoma jicho la kulia, akasoma la kushoto, akashusha pumzi.

"Nisamehe, wifi. Hasira zilinitangulia."

"Zilikutangulia? Zilikuja kwa pikipiki! Nenda ukakate."

Fundi akauliza folda aipe jina gani sasa. Mpokezi akamtajia, naye akaandika herufi kwa herufi: Dada wa Mume Wangu.

Jioni waliifikisha miwani pamoja. Mama mkwe aliivaa, akalamba uzi, akaupitisha mara moja. Alivuta uzi mrefu, akapiga fundo, akaichomeka sindano kwenye kola ya sare. Ndipo akainua uso.

"Mkwe wangu, hebu geuka. Mbona mishono ya blauzi yote iko nje? Umeshinda hivi kazini?"

Mpokezi akajishika bega, akageuka polepole. "Wifi! Uliona?"

"Asubuhi nilikuwa nimenuna," alisema wifi, machozi ya kicheko yakimtoka. "Mchana nikasahau. Na jioni hii nikaona nikuache hivyo hivyo, mama apate kitu cha kujaribia miwani."