Papa Edmond Mbele ya Rosalie

Miaka yote ya ndoa yao, Mama Rosalie alimsikia mumewe Edmond, katekista wa mtaa wao pale Kalemie, akiwaambia waumini kwamba nyumba inayosali haiingiwi na risasi. Mchana ambao askari wa Zaire walianza kupora mtaani, mmoja wao aliingia sebuleni mwao na bunduki mkononi. Rosalie alipomwona amevaa rozari shingoni, moyo ulimtulia kidogo. Askari akafyatua, risasi ikatoboa bati la paa. Papo hapo Edmond, pamoja na goti lake bovu, aliruka akasimama mbele ya mkewe na kutanua mikono. Askari akamtazama, akabeba redio yao, akatoka.

Rosalie alicheka huku analia.

"Papa Edmond, si ulisema Mungu njo analinda hii nyumba? Mbona ukasimama mbele yangu?"

"Yule naye anasali, Mama. Nimeona rozari yake. Nikaogopa kukuacha wazi."

Rosalie akamshika mikono. Jumapili Edmond aliongoza sala kama kawaida, ila habari ya risasi hakuigusa tena.