Uani kwa Hasira

Nililala mchana, usingizi wa mtu aliyechoshwa na machozi na si kazi, juu ya benchi katika chumba cha muungano wetu, huku viti vikiwa bado vimelala kifudifudi kama vilivyoachwa asubuhi. Niwasimulie kwanza kilichovipindua, kwa maana bila hicho ndoto yangu haitakuwa na kichwa wala miguu. Wachuuzi wa soko na wenye maduka ya barabara kuu, Waafrika na Wahindi wa mji wetu, watu waliozoea kujuana kwenye kaunta tu, tulikuwa tumeungana kumsimamisha mgombea mmoja wa udiwani, Mama Nyamizi, muuza mchele, ili soko letu lisiuzwe. Mimi nilitoka chuo kikuu juzijuzi, nikiwa na imani kubwa kuliko uzoefu, wakanifanya katibu. Mkutano ulianza kwa furaha. Pazi mchoma mishkaki, ambaye ni Mzaramo, alipomwona Mama Nyamizi, ambaye ni Mnyamwezi, akaanza utani wa makabila yao: "Jamani, mtumwa wangu leo kavaa viatu! Kamwibia nani?" Mama Nyamizi hakuchelewa: "Nyamaza wewe! Nilikununua kwa kibaba cha mtama na mpaka leo najuta!" Watu wakaangua kicheko. Mzee Jivraj, mwenye duka la vitambaa, mzaliwa wa mji huu kama alivyozaliwa baba yake, alicheka mpaka akavua miwani, na nadhani alitamani naye awe ndani ya kicheko kile. Akasimama, akawanyooshea mkono akina mama wa soko, akasema kwa uchangamfu, "Hata mimi hawa ni watumwa wangu! Tangu enzi za babu!"

Kicheko kilikatika kama kilichokabwa koo. Utani wa Pazi na Mama Nyamizi wamezaliwa nao. Watu wao wamezikana, wamechimbiana makaburi, na wamelipa kwa machozi haki ya kutukanana. Neno lile lile, likitoka kwa mwenye duka kwenda kwa waliobeba mizigo ya duka, halikuwa utani tena. Kijana mmoja akapiga kelele, "Rudi kwenu, Bombay!" Kiti kikaruka, kingine kikafuata. Mama Nyamizi alikaza kanga yake kiunoni, akaniambia kwa sauti ndogo iliyonitisha kuliko kelele zote, "Katibu, kesho asubuhi naenda kuliondoa jina langu." Akatoka. Mzee Jivraj akanifuata. "Binti, nilikuwa natania! Si wote wanatania?" Nami kwa haraka ya kuokoa jahazi nikamfundisha la kusema: "Mzee, tukikutana tena jioni waambie, kama kuna aliyekwazika, basi tusameheane, yaliyopita yapite, tusonge mbele." Nikaona nimefanya jambo jema. Nikajilaza, usingizi ukanichukua.

Nikajikuta katika nchi nisiyoijua, nchi ya udongo mwekundu na anga jeupe lisilo na jua, na mbele yangu kulikuwa na kilima chenye mji uliotandazwa juu yake kama nguo iliyoanikwa. Mwanamke alikuwa amesimama kando yangu, kichwa kimefunikwa, mikono imekunjwa tumboni. "Naitwa Staha," akasema. "Mji ule ni Maafikiano. Nitakupeleka, ila mimi sitangulii mtu. Nenda, nami nitafuata nyuma yako hatua moja, na utakapokanyaga pasipo pako nitakwambia." Nilishangaa, maana sijapata kuona kiongozi anayefuata. Nikaenda. Tukaona njia nyingi zikipanda kilima, pana, zimefagiliwa, na kila moja ilifika mahali ikazama ndani ya tope, na ndani ya tope hilo kulikuwa na watu waliokwama mpaka kifuani, wakipungiana mikono kwa tabasamu kana kwamba wamekwisha kufika.

Kwenye njia iliyo pana kuliko zote nilimkuta bwana mtanashati, amevaa joho la rangi ya majivu lililoburuzika chini. Aliinama mbele ya kila mpita njia akisema, "Niwie radhi, ndugu yangu. Niwie radhi, dada yangu." Moyo wangu ukayeyuka. Nikamwambia Staha, "Huyu bila shaka ni Toba! Huyu ndiye ninayemtafuta!" Staha akajibu taratibu, "Msikilize mpaka mwisho wa sentensi." Nikasogea. Yule bwana akaniinamia na kusema, "Kama kuna aliyekwazika, basi tusameheane, yaliyopita yapite, tusonge mbele." Maneno yalikuwa yangu, na jamani, hata sauti ilikuwa yangu, sauti ya kike, ikitoka katika midomo yenye masharubu. "Huyu ni Udhuru," akasema Staha. "Joho ni la Toba, aliliokota. Huomba radhi siku nzima, na hajawahi kusema amefanya nini."

Nilitaka kukimbia, lakini kelele zilinigeuza. Dume la mtu, Haraka, alikuwa akimkokota binti kwa kamba iliyofungwa kiunoni, na binti huyo miguu yake ilikuwa inatoka damu. "Twende, wewe! Shughuli imeanza, wageni wanangoja, na picha hazijapigwa!" Nikauliza binti ni nani. Staha akainamisha macho. "Ni Msamaha. Kila wanapokoseana humtuma Haraka akamlete, naye humleta hivyo." Msamaha aliponiona alisema, pumzi zimemwishia, "Dada, waambie kwenu, nina miguu. Nikiachwa nitakuja mwenyewe. Au sitakuja. Lakini nikija kwa kamba, atakayefika si mimi." Nilijaribu kuifungua ile kamba, na mikono yangu ikakataa, kwa sababu nilipoishika niliona ncha yake ya pili imefungwa kwenye kifundo cha mkono wangu.

"Hakuna njia nyingine ya kwenda Maafikiano?" nikauliza huku nikilia. "Ipo moja," akasema Staha. "Inapita uani kwa Hasira." Nikasimama kabisa. Nilikuwa nimesoma na kufundishwa kwamba Hasira ni adui wa kila muungano; nilitazamia zimwi lenye makucha, nyumba yenye moto madirishani. Staha hakunisukuma. "Hizi zote," akasema, akionyesha zile njia pana, "zilichongwa na watu walioogopa ua huo. Wakauzunguka. Tope umeliona."

Tulipofika, Staha akabisha hodi na akangoja. Uani hapakuwa na zimwi. Alikuwapo mama wa makamo, kifua wazi upande mmoja, akimnyonyesha mtoto, na mabega yake yalikuwa na sugu nene za mizigo, na shingoni kovu la kitu kilichowahi kufungwa hapo. Nje ya ua mwanamke mwingine, sura ile ile, pua ile ile, alikuwa akirusha mawe juu ya paa la jirani na kucheka, "Rudini kwenu! Rudini!" Yule mama akageuka akamkemea kwa ukali uliotikisa majani ya ua, "Chuki! Mara ngapi nimekwambia usitembee na sura yangu? Yule unayempiga kitovu chake kimezikwa hapa hapa kama changu!" Kisha akanitazama mimi. "Nawe umekuja kunituliza, sio? Wote huja kunituliza. Husema, mama, punguza sauti, utavunja umoja. Haya, nikiondoka, huyu nani atamnyonyesha?" Akamgeuza mtoto nimwone. Mtoto alikuwa na macho makubwa yasiyopepesa. "Anaitwa Haki," akasema Hasira. "Hana mama mwingine."

Miaka yote niliyoitumia darasani kumtafuta Haki nilikuwa nikimfukuza mlangoni yule aliyembeba. Ndipo nikaona kwamba chini, kwenye vumbi, mbele ya miguu ya Hasira, alikuwa ameketi mtu asiye na joho, mabega wazi, kimya. Hakuinama wala hakujitetea, na mtoto alipolia hakuziba masikio. "Toba," akanong'ona Staha. "Yuko hapa tangu asubuhi. Ametaja alichofanya, kwa jina lake, sasa anasikiliza. Na nyuma yake, angalia, mlango wa kwenda mjini hauna komeo. Lakini haufunguki kwa kusukumwa. Hasira ndiye humfungulia mtu, akimaliza kusema." Nikauliza kwa hofu, "Na asipomaliza?" Staha, ambaye muda wote alikuwa nyuma yangu, kwa mara ya kwanza akaja mbele akanitazama usoni. "Basi mtaishi uani. Huko nako watu huishi."

Simu ilinizindua. Jua lilikuwa linaelekea kuzama na shavu langu lilikuwa na alama za mbao. Alikuwa Mzee Jivraj. "Binti, ile hotuba nimeikariri. Kama kuna aliyekwazika..."

"Mzee, tafadhali, iache," nikasema, nikijishika kifundo cha mkono kana kwamba ile kamba bado ipo. "Hakuna 'kama'. Aliyekwazika tunamjua, na anapokaa tunapajua."

"Nikiitoa hiyo, binti, inabaki nini?"

"Inabaki uliyoyasema."

Nilimsikia akivuta pumzi, na nikaelewa kwamba naye ni mwoga kama mimi, kwamba mzee wa miaka yake, aliyeambiwa asubuhi arudi asikokujua, alikuwa anaombwa aende akaketi mbele ya jeraha alilolitonesha huku lake likiwa bichi. Nilimwambia tu kwamba nitamkuta dukani, twende kwa miguu.

Mama Nyamizi alikuwa anapepeta mchele mlangoni kwake. Hakusimama wala hakusema karibu. Mzee Jivraj akavua kofia. "Mama Nyamizi, nimewaita watumwa. Mbele ya watu. Nilidhani nacheza. Mchezo huo si wangu, na neno hilo, kwa watu wangu na watu wako, halijawahi kuwa mchezo."

Ungo ukasimama. "Na yule kijana aliyekwambia urudi Bombay," akasema Mama Nyamizi, "kesho nitamshika sikio mimi mwenyewe. Hilo ni la kwake. Hili ni la kwako. Umekuja nikusamehe?"

Nilimwona Mzee Jivraj akinitazama, akitafuta maneno ya kukariri, nami sikumpa.

"Nimekuja kusikiliza," akasema.

"Jina langu bado lipo. Lakini usilihesabu mpaka nimalize, na mimi nikianza huwa sina haraka." Akasogeza gunia tupu kwa mguu, akamwonyesha. Mzee Jivraj akaketi, chini kabisa, magoti yakilia. Mama Nyamizi akaweka ungo pembeni, akaanza na babu yake.