Zilirudi Nywele Tu

Hashimu alikuwa na duka la vitenge Kasulu mjini, na jambo moja lilimkera: utosi ulianza kung'aa kabla hajafika miaka arobaini. Mwanzoni mwa 2013 binamu yake Saady, aliyekuwa Tanga, akamtumia vidonge vya kuotesha nywele. Hashimu akawa anavimeza kila asubuhi bila kumwambia mkewe, Zuleha.

Nywele zikaota kweli. Wateja wakamtania kwamba anatafuta mke wa pili. Lakini ndani yeye alikuwa anapoa. Hamu yake kwa mkewe ilimtoka, kisha usingizi, kisha hata vitu vidogo: ladha ya chai, harufu ya mvua kwenye udongo. Binti yao Asmahani alipomkimbilia mlangoni, Hashimu alijua hapo ndipo baba hufurahi. Alisimama akiisubiri furaha, haikuja. Njiani kwenda dukani alihisi kuna mtu anamfuata. Akigeuka, barabara tupu.

Akaanza kuvishuku vidonge, akavitupa chooni. Nywele zikaanza kudondoka, naye akafurahi kuziona kwenye mto wa kulalia, akiamini na mengine yatarudi yalivyokuwa. Utosi ukang'aa tena. Mengine hayakurudi. Mwaka ukapita.

"Ni nani huyo mwanamke?" Zuleha alimuuliza mchana mmoja.

"Hakuna mwanamke."

"Basi umerogwa, baba Asmahani."

Akamletea kombe kutoka kwa shehe, maji yaliyooshea aya zilizoandikwa sahanini. Hashimu akanywa lote, akitamani kweli awe amerogwa, maana uchawi angalau una wa kuutegua.

Ndipo akapanda gari kwenda Kibondo, ambako hakuna aliyemjua, akamweleza yote daktari mmoja aitwaye Sylvesta.

"Dawa ile huzuia homoni inayoua mizizi ya nywele," daktari alisema. "Ila homoni hiyo ina kazi nyingine mwilini, na dawa inagusa hata ubongo. Wengi wakiacha, hali hurudi. Wachache hairudi."

"Kwa nini?"

"Wengine wanadhani mwili hubadilika namna unavyopokea homoni zake. Wengine wanasema zile kemikali za ubongo zinazotuliza moyo hupungua. Wapo wanaosema ni hofu na huzuni. Bado hakuna aliyethibitisha."

"Na wewe?"

"Sijui. Lakini sisemi kwamba unajitungia."

Hashimu aliporudi nyumbani alimkalisha Zuleha jikoni, akamwambia kuhusu vidonge na kuhusu mtu aliyehisi anamfuata njiani. Zuleha aliuacha uji ukafurika motoni.

"Miaka miwili ninamchukia mwanamke asiyekuwepo," alisema. "Ungeniambia tu."

"Niliona aibu."

"Kwangu mimi?"

Zuleha alikasirika siku nyingi, akampikia bila kumsemesha. Kisha akaanza kumsindikiza asubuhi hadi dukani, wakitembea bega kwa bega. Hakumwambia sababu, naye hakuuliza. Hashimu hakugeuka tena nyuma.

Usingizi ulirudi kwanza, kidogo kidogo. Wakati wa mvua za 2015, akiwa amekaa barazani na Asmahani akimsomea kitabu cha shule, kifua kilimbana ghafla, akaanza kulia kwa sauti. Zuleha akatoka mbio.

"Nani amekufa?"

"Hakuna," Hashimu alisema, akijishika kifua kama aliyeokota kitu. "Nasikia uchungu, Zuleha. Nausikia tena."

Zuleha akaketi karibu yake. Mengine waliendelea kuyangoja, na mengine hayakurudi kabisa.